Digrii niliyoanza kuisoma kwa siri

Nianze na pesa, maana kila anayesikia kama nimemaliza digrii ya biashara onlaini huku niko kazini swali lake la mwanzo ni hilo, ilikula ngapi. Ilikula kama milioni kumi na mbili kwa miaka sita. Karibu milioni tisa ni ada, laki saba na nusu leptop ya mtumba niliyoinunua Darajani, zilobaki zote bando. Na ndani ya hizo tisa kuna laki saba na ushee ambazo ni za makosa yangu tu, masomo matatu nilofeli nikayalipia tena. Hizo laki saba bado zinaniuma mpaka leo, na ndo zilonikalisha kuandika haya.

Mie ni kosti kontrola kwenye hoteli moja huko Kiwengwa, Unguja. Kwa asojua, huyu ndo mtu anayehesabu samaki walioingia stoo na waliotoka, anayeuliza mbona jana mafuta ya kupikia yamekwenda ndoo mbili na wageni walikuwa thelathini, kwa hivyo jikoni hapendwi. Nilikuwa na diploma ya uhasibu ya hapa hapa mjini, nikakaa nayo kazini miaka mitano nikiona naendelea vizuri, mpaka nafasi ya juu ikatoka akapewa kijana nilomfundisha mie mwenyewe kuhesabu stoo, kwa sababu ana digrii. Sikumchukia yeye, kijana wa watu ana adabu zake. Lakini usiku ule sikulala.

Masomo ya jioni ya mjini yalikuwa hayawezekani, gari ya stafu inatushusha mtaani kwetu Amani saa moja za usiku na siku nyengine saa mbili. Nilifikiria Chuo Kikuu Huria, wana kituo hapa Zanzibar, na kwa kweli mtu asiye na sababu ya kwenda mbali naona aanzie hapo. Kilonitisha ni mitihani ya kwenda kukaa kituoni, tarehe zikiangukia Julai au Agosti hoteli imejaa hakuna wa kunipa ruhusa. Basi nikaanza kutafuta vya nje.

Hapa karibu niibiwe. Kulikuwa na "chuo" kilichoniambia kwa uzoefu wangu wa kazi wananipa digrii ndani ya miezi sita, nilipe dola mia nane kwa mkupuo, hakuna mtihani. Nilikuwa nishaanza kuuliza pesa za mchezo wangu wa upatu zitoke mapema, kijumbe akanambia subiri zamu yako, na kule kusubiri ndo kuliniokoa. Nikapata wiki tatu za kuuliza uliza. Chuo cha Marekani unakitafuta kwenye orodha ya CHEA, baraza lao linalotambua wanaothibitisha vyuo, au ile ya wizara yao ya elimu, unaangalia kimethibitishwa na nani na huyo aliyekithibitisha naye anatambulika. Hawa wangu walikuwa na cheti cha kuthibitishwa kilichotolewa na taasisi ambayo haimo popote. Halafu kuna TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ambao ndo wanaotambua vyeti vya nje kwa Tanzania nzima na sisi visiwani tumo. Waulize kabla hujalipa hata senti, waandikie jina la chuo, jina la programu, na uwaambie wazi kama unasoma kwa mtandao, jibu lao liweke. Usiulize baada ya kumaliza.

Nikapata chuo chengine cha Marekani cha bei nafuu, kimethibitishwa kweli. Digrii yao ni krediti 120, somo moja krediti tatu, kwa hivyo masomo arubaini. Unalipa somo kwa somo, wakati ule 2019 dola mia moja kila somo, na dola ilikuwa kama 2,300 hivi, yaani laki mbili na thelathini. Diploma yangu wakaikubali kwa masomo kumi, na hili niliambulia kwa kuwa nilituma muhtasari wa kila somo nilosoma diploma, kurasa na kurasa, siyo matokeo peke yake. Wenzangu waliotuma matokeo tu walipewa mawili matatu. Kwa hiyo kama una diploma rudi chuoni kwako kaombe silabasi zao, hata kama karani atakununia.

Basi nikabakiwa na masomo thelathini na nikaanza Januari 2019, na kosa kubwa kuliko yote nililifanya siku hiyo hiyo. Sikumwambia mtu. Mume wangu alijua, huyo sikuweza kumficha kwa kuwa tunalala chumba kimoja. Lakini kazini kimya, mama mkwe na wifi yangu tunaokaa nao nyumba moja kimya, mama yangu mzazi aliyeko Wete, Pemba, naye kimya. Nilijiambia nikifeli asijue mtu, maana sisi watu wa hapa unazijua kauli zetu, "haya, digrii imefikia wapi?" kila ukipita barazani. Nikaona bora nitokee nayo mkononi.

Muhula wao ni wiki nane za masomo na ya tisa mtihani. Mie kwa pupa nikachukua mawili kwa pamoja. Kila somo kwa wiki lina kurasa za kusoma, mjadala wa kuandika na kujibu wenzako, asaimenti, kwizi, na kusahihisha kazi za wenzako watatu. Ukifanya kwa haki ni saa kumi na tano somo moja. Mawili thelathini. Na mie natoka nyumbani saa kumi na mbili za asubuhi narudi usiku. Nilikuwa nasomea kwenye gari ya stafu kwa simu, Mahonda hadi Kinyasini kurasa tatu, kichwa kinagonga dirisha.

Muhula ule ule nikapigwa sifuri. Tulivyosomeshwa skuli, mwalimu anaandika ubaoni unanakili, ukija mtihani unamrejeshea maneno yake vile vile ndo unapata vema. Nikaandika insha ya kwanza vivyo hivyo, sentensi nzuri nzuri za kitabuni nikazipanga, nikaona nimeandika kizungu cha maana. Turnitin, programu yao ya kukagua maandishi ya kunakili, ikasema asilimia arubaini na moja ya kazi yangu ni ya watu wengine. Mwalimu hakunitukana, aliniandikia tu sifuri na onyo, na kwamba la pili ni kesi. Nililia kwa aibu kwa sababu mie mwenyewe sikujiona mwizi. Dawa nilioipata ni hii: nasoma, nafunga kitabu, namuelezea mtu kwa Kiswahili, halafu ndo naandika kizungu changu mwenyewe hata kama kinachechemea. Tatizo mtu wa kumuelezea sikuwa naye kwa kuwa nimeficha, nikawa namuelezea mwanangu wa miaka mitatu habari za ugavi na mahitaji. Moja ya yale masomo mawili nikafeli.

La pili nilolifeli lilinifelisha saa. Hili naomba unisome pole pole. Dedilaini zao zote ni Jumapili usiku saa sita kasoro dakika moja, lakini ni saa sita ya mashariki ya Marekani. Kwetu tayari Jumatatu asubuhi. Wakati wa baridi yao inakuwa saa mbili kasoro dakika moja asubuhi, na mie nikajizoesha kumalizia Jumapili usiku, nikiamka alfajiri napitia tena, halafu naituma garini tukifika Kinyasini kama saa moja na dakika ishirini, raha mustarehe. Sasa wenzetu wanasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na wanazirudisha Jumapili ya mwanzo ya Novemba. Sisi hapa jua linatoka lilipotoka jana, nani anasogeza saa? Machi ile nikatuma saa moja na dakika ishirini kama kawaida yangu, na mfumo umefungwa tangu saa moja kasoro dakika moja. Dakika ishirini na moja. Ilikuwa kazi yenye robo ya alama za somo zima, na alama zangu nyengine zilikuwa za kuunga unga. Tangu siku hiyo dedilaini yangu ni Ijumaa usiku, atake asitake.

Halafu ikaja 2020. Machi wageni wakakatika, hoteli ikafungwa, tukaambiwa kaeni nyumbani na mshahara nusu, baadae hata hiyo nusu ikawa maneno. Mpaka Juni ndo ndege zikaanza kurudi na hata hapo hoteli haikujaa. Nilikuwa na muda ambao sikuwahi kuwa nao maishani na sina hata shilingi ya ada. Na hii ukiitazama ndo hali ya kila mwaka kwa sisi wa mahotelini, korona ilizidisha tu: masika una muda huna pesa, kusi una pesa huna muda. Baadae niliielewa nikaipangia. Julai mpaka Septemba nachukua somo moja jepesi au sichukui kabisa, lakini kila mshahara natenga ada ya Aprili na Mei, na masika ikifika hoteli imefunga mie nachukua mawili. Na pia nilikuwa naangalia mwisho wa mwezi, usiku wa kuhesabu stoo tunatoka saa nane za usiku, kwa hivyo wiki ya mwisho wa mwezi siwekei kazi yoyote nzito. Hakuna chuo kitakachokupangia haya.

Pesa zenyewe kuzituma nako ni mtihani. Kadi yangu ilikataliwa mara tatu siku ya mwisho ya kulipa, kumbe benki lazima uwaambie wakufungulie manunuzi ya mtandaoni, na wanakata kwa bei yao siyo ile unayoiona ubaoni. Na dola haikukaa. Nilianza nayo 2,300, mwaka 2023 ikaanza kupanda, Septemba 2024 nikalipa somo kwa 2,700 na ada yenyewe ishafika dola 120. Somo lile lile la laki mbili na thelathini likawa laki tatu na ishirini na nne. Ukipiga hesabu yako leo, ongeza.

Sasa nirudi kwenye siri. Mwaka wa pili wifi yangu akamwambia mama mkwe kuwa simu yangu inawaka saa tisa za usiku kila siku, na mimi natabasamu peke yangu. Natabasamu! Nilikuwa nasoma majibu ya mjadala, nishaandika habari ya upatu wetu, vipi watu kumi na mbili wanaaminiana bila karatasi, na mwanafunzi mwenzangu kutoka Nigeria akajibu kuwa na wao wanao, wanauita esusu. Nilifurahi. Nyumbani ikawa nachati na mwanamme. Mume wangu anajua ukweli lakini nilimkataza kusema, basi akawa anakaa kimya, na ukimya wake ukazidi kutia shaka. Miezi minane tuliishi hivyo, chakula kinapakuliwa hakuna anayezungumza.

Na nje ya nyumba vile vile. Harusi sikwendi kumenya vitunguu, maulidi sikwendi, khitma nachungulia nusu saa natoka mbio. Watu walisema kazi ya hoteli imempa maringo. 2021 nikajifungua mtoto wa pili, na waliokuja kunitazama unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mama yangu alikuja kutoka Wete kunilea arubaini, akaona nyumba ilivyo kimya akaniuliza, umewafanya nini watu? Nikamwambia yote. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, elimu si uchawi. Waifichia nini?" Jioni ile ile akamwita mama mkwe na wifi akawaambia yeye mwenyewe, hakunipa nafasi ya kukataa. Wifi alilia. Mie nililia. Mama mkwe alinuna siku mbili, si kwa digrii, kwa kufanywa mgeni ndani ya nyumba yake, na haki alikuwa nayo.

Kilofuata ndo kinachonifanya nione nilipoteza miaka miwili bure. Mama mkwe akatangaza mwenyewe mtaani mkwe wangu anasoma, na jumapili alasiri watoto ni wake. Shughuli zikija nikaambiwa wewe toa mchango wako wa mchele, mwili wako tunajua uko wapi. Kazini nikamwambia bosi wangu, mhasibu mkuu, kwa woga, nikidhani ataniona natafuta kiti chake. Alichosema ni, "Mbona hukusema? Ofisi usiku iko tupu na jenereta inawaka."

Jenereta hiyo mtu wa bara hawezi kuelewa. Mitihani yao unafanya mbele ya kamera, programu inakutazama saa nzima na nusu, unazungusha kompyuta waone chumba kizima, chini ya meza, ukutani, asipite mtu, isisikike sauti. Nyumbani kwetu Amani! Mtihani mmoja umeme ulikatika dakika ya arubaini, betri ya leptop ya mtumba ikakaa dakika sita ikafa, na huo ndo ukawa mfeli wangu wa tatu. Mie nimekulia kwenye kukatika umeme, mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani miezi mitatu kwa ajili ya kebo ya chini ya bahari na sisi tulisoma kwa kandili, lakini kandili haifanyi mtihani wa kamera. Baada ya kupewa ofisi sikufeli tena hata mmoja. Kama kwako hakuna ofisi, nunua betri mpya kabla ya kitu chochote, na weka bando kwenye simu mbili za mitandao tofauti.

Niseme na yale ya ndani ya masomo maana wengi hawasemi. Unasomea Marekani, unasoma vya Marekani. Nilipofika kwenye hesabu za stoo wakatufundisha njia inayoitwa LIFO, mzigo ulioingia mwisho uhesabiwe umetoka mwanzo, nikaona hii nzuri, bei zikipanda inapunguza faida kwenye karatasi na kodi nayo inapungua, nikaja nayo mbio ofisini. Bosi alicheka mpaka miwani ikamtoka. Sisi tunafuata IFRS, kanuni za kimataifa za hesabu, na IAS 2, ile ya mambo ya stoo, hairuhusu LIFO kabisa, ni ya Wamarekani. Vile vile somo la kodi lote lilikuwa la kwao, halikunisaidia hata chembe na VAT yetu ambayo wakati huo hotelini tuliitoza asilimia 15, na bara ilikuwa 18. Kwa hiyo kila somo nilikuwa napiga mstari daftarini: kushoto ya mtihani, kulia ya kazini. Uongozi, takwimu, bajeti, hivyo ni vya kila pahala na vimenifaa sana. Na somo la fedha lilipofika kwenye riba mama aliniuliza kwa simu, sasa ndo unasomea hayo? Nikamwambia naisoma niijue inavyokula watu. Akasema haya, lakini usiizoee.

Mei 2024 nilishuhudia faida ya ile dedilaini yangu ya Ijumaa. Jumapili ya tarehe 12 kebo za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na nchi nzima mtandao ukawa wa kuomba dua. Kundi letu la watu wa Afrika Mashariki la kusoma pamoja lilikuwa na watu sita, wanne walikuwa hawajatuma. Mie nilikuwa nimetuma tangu Ijumaa, Jumapili nilikuwa napika. Waliokuwa na mazoea ya kuandikiana na mwalimu walisamehewa, aliyekuwa hajawahi hata kumsalimu alijieleza mpaka akachoka. Mwandikie mwalimu wiki ya kwanza, mwambie uko wapi, kazi yako nini, kwenu saa ngapi. Mistari minne inatosha.

Nilimaliza Machi 2025. Cheti kilikuja kwanza kwa barua pepe, faili tu, nikakitazama kwenye simu garini tena pale pale Kinyasini. Karatasi yenyewe ilifika baadae sana na nikailipia usafiri. Maombi ya TCU nimepeleka na vyeti vyangu vyote tangu vya fomu foo, na safari hii nilikuwa na jibu lao la zamani kwenye faili. Mshahara haukupanda siku ya pili kama nilivyoota, umepanda miezi minane baadae, laki na nusu, na cheo kimebadilika jina zaidi kuliko kazi. Kwa hesabu za kosti kontrola milioni kumi na mbili zitarudi baada ya miaka sita na miezi minane. Nimeipiga hiyo hesabu mara nyingi.

Wifi yangu ameanza Septemba. Alitangaza kwenye harusi mbele ya wanawake thelathini, sufuria la pilau liko motoni. Nimempa leptop yangu na betri mpya, na ukutani juu ya meza yake nimemwandikia kwa kalamu nyekundu: Machi, Jumapili ya pili.